Plazma: Hali ya Nne ya Maada na Jina Lake katika Kiswahili

Neno umeme lina maana mbili katika Kiswahili. Kwanza ni ule mwanga wa ghafula umulikao mawinguni wakati wa mvua; pili ni nguvu ipitayo katika waya, iwashayo taa na kuendesha mitambo. Hapana shaka kwamba maana ya kwanza ndiyo kongwe, kwa kuwa watu waliuona umeme wa mvua karne nyingi kabla ya kuona waya wa taa. Nguvu mpya ilipofika, wasemaji hawakungoja kamati ya istilahi, bali waliipa jina la jambo walilokuwa wakilijua. Wengine, hasa nchini Kenya, waliiita stima, kwa kulipanua neno lililokwisha kuzoeleka kwa vyombo vya mvuke.

Kwa elimu ya leo, ile njia ya moto ishukayo kutoka winguni hadi ardhini si hewa ya kawaida, wala si moto kama wa kuni. Ni maada iliyo katika hali ya nne, ambayo wataalamu wa fizikia huiita plazma. Basi Kiswahili kilikuwa na jina la namna moja ya plazma tangu zamani, lakini jina hilo limekwisha kuhamia kwingine, wala haliwezi kurudishwa bila kuleta vurugu. Mtunga istilahi anabaki na swali: hali hiyo ya nne iitweje, na jina lake limwambie nini mwanafunzi? Haifai kulijibu swali hilo kabla ya kueleza kitu chenyewe, kwa kuwa majina mengi mabaya ya kisayansi yametokana na kukifahamu kitu nusu nusu.

Majina ya hali tatu za kwanza

Hali tatu zilizozoeleka katika vitabu vya shule ni yabisi, kimiminika na gesi. Vipo vitabu visemavyo mango badala ya yabisi, na kioevu badala ya kimiminika. Ni vema kuangalia jinsi majina haya matatu yalivyopatikana, maana kila moja lilipita njia yake. Yabisi ni neno la asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ukavu. Basi hali ya kwanza imeitwa kwa sifa yake. Kimiminika kimeundwa ndani ya Kiswahili chenyewe kutokana na kitenzi miminika. Basi hali ya pili imeitwa kwa tendo lake. Gesi limekopwa kwa Kiingereza, nacho Kiingereza kilikopa kwa Jan Baptist van Helmont, mtaalamu wa Brussels wa karne ya 17, aliyelibuni kwa kulifuata neno la Kiyunani khaos.

Funzo ni kwamba hakuna kanuni moja iliyofuatwa. Jina la sifa, jina la tendo na jina la kubuniwa yamekaa pamoja katika ukurasa mmoja wa kitabu, na mwanafunzi hatatiziki. Kinachomsaidia si uwazi wa neno peke yake, bali ni kwamba kila neno lina kitu kimoja tu linalokitaja, na kitu hicho kimeelezwa sawasawa.

Plazma ni nini

Chukua barafu uipashe moto. Itayeyuka kuwa maji. Maji nayo, yakifika digrii 100 katika usawa wa bahari, yatachemka na kuwa mvuke. Katika mabadiliko hayo yote molekuli za maji ni zile zile. Kilichobadilika ni jinsi zinavyoshikana. Lakini mvuke ukizidi kupashwa hadi maelfu ya digrii, molekuli zenyewe huvunjika kuwa atomi za hidrojeni na oksijeni. Joto likizidi tena, atomi nazo hushindwa kuzizuia elektroni zake. Elektroni hutoka zikawa huru, na atomi zilizopungukiwa huitwa ioni. Mchanganyiko huo wa elektroni huru na ioni, pamoja na atomi zilizobaki nzima, ndio plazma.

Maelezo hayo ni sahihi, lakini yakiachwa hapo huzaa makosa matatu.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba lazima plazma iwe na joto kali la kuunguza. Katika taa ya mrija elektroni zina joto la digrii zaidi ya 10,000, ilhali gesi iliyozizunguka haikupata joto kubwa, na mtu aweza kuugusa mrija ukiwaka bila kuungua. Elektroni ni nyepesi mno, na gesi iliyomo ni haba. Kwa hiyo zinapogongana na atomi haziwezi kuzigawia joto lake lote. Katika taa hiyo nguvu iliyozitenga elektroni na atomi zake ni ya umeme, wala si ya jiko.

Kosa la pili ni kudhani kwamba gesi yoyote yenye ioni chache ni plazma. Hewa tunayoivuta ina ioni chache, lakini haiitwi plazma. Hata mwali wa mshumaa, ingawa una ioni ndani yake, kwa kawaida hauhesabiwi kuwa plazma kamili. Sharti ni kwamba chembe zenye chaji ziwe nyingi kiasi cha kutenda kwa pamoja. Katika gesi ya kawaida molekuli hufanana na watu wapitao sokoni: kila mmoja ana safari yake, na hawahisiani mpaka wagongane. Katika plazma chembe hufanana na mafundo ya juya la wavuvi. Fundo moja likivutwa, mafundo ya mbali nayo huhisi, kwa kuwa nguvu za umeme na sumaku huziunganisha chembe nyingi kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu plazma hupitisha umeme vizuri, huwa na mawimbi yake yenyewe, na huweza kuelekezwa kwa sumaku, mambo ambayo gesi ya kawaida haiyafanyi.

Kosa la tatu ni kudhani kwamba plazma nzima ina chaji ya umeme. Chaji hasi za elektroni na chaji chanya za ioni hukaribia kulingana, na mahali popote pasipolingana, chembe hukimbilia kulisawazisha pengo.

Yapasa kuongeza kwamba hakuna kizingiti kimoja cha kuingia katika hali hii. Barafu ina digrii yake ya kuyeyuka, lakini gesi huwa plazma kidogo kidogo, kwa kadiri ya joto na ya msongamano wake. Mwaka 1920 mtaalamu wa Kihindi Meghnad Saha alitoa kanuni ya hesabu ionyeshayo ni sehemu gani ya atomi itakayokuwa imepoteza elektroni katika joto fulani. Kwa kanuni hiyo wataalamu wa nyota waliweza kuusoma mwanga wa nyota na kukadiria joto lake.

Jinsi jina lilivyopatikana

Historia ya jina ni ya manufaa kwa wanalugha kuliko kwa wanafizikia. Mwaka 1879, katika mkutano wa wanasayansi huko Sheffield, William Crookes alionyesha mirija ya kioo iliyotolewa karibu hewa yote na kupitishwa umeme. Akasema kwamba kilichomo ndani ni maada ya hali ya nne. Miaka 18 baadaye J. J. Thomson alieleza kwamba miale aliyoionyesha Crookes ilikuwa mkondo wa chembe ndogo zenye chaji hasi, yaani elektroni zilezile zijulikanazo leo. Basi usemi hali ya nne ulizaliwa kabla ya kitu chake kufahamika, ukapachikwa mahali pasipo pake, kisha ukahamishiwa mahali panapoufaa.

Neno plazma katika maana hii lililetwa na Irving Langmuir mwaka 1928, alipokuwa akifanya kazi katika maabara ya General Electric huko Schenectady, Marekani. Wakati huo neno lilikuwa na mwenyewe: tangu karne ya 19 wataalamu wa uganga walilitumia kwa sehemu ya majimaji ya damu. Kwa kumbukumbu aliyoiandika mwaka 1971 Harold Mott-Smith, aliyekuwa msaidizi wake, Langmuir aliona kwamba gesi ile yenye umeme huzichukua elektroni na ioni kama vile majimaji ya damu yachukuavyo chembe nyekundu na nyeupe. Mott-Smith akaeleza pia kwamba wanasayansi wa wakati ule hawakulipokea neno kwa furaha, na kwamba majarida ya uganga yalikuwa yakiomba nakala za makala zao, yakidhani zahusu damu.

Kisa hicho chafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba mkanganyiko wa istilahi ni ugonjwa wa lugha changa. Neno lilikuwa na utata siku ile ile lilipotungwa, tena katika lugha yenye maabara na majarida mengi. Wala asili yake ya Kiyunani haikusaidia. Maana yake ni kitu kilichofinyangwa, nayo ni ndugu ya neno plastiki. Lakini plazma ni kitu kigumu mno kukifinyanga. Usipoizuia kwa sumaku au kwa ukuta wa chombo, hutawanyika.

Plazma angani

Inakadiriwa kwamba zaidi ya asilimia 99 ya maada ionekanayo katika ulimwengu imo katika hali ya plazma. Jua lote ni plazma: usoni pake lina digrii zipatazo 5,500, na katika kiini chake digrii zipatazo milioni 15. Dunia hii ya mawe, maji na hewa ni kisiwa kidogo katika bahari hiyo. Kwa hiyo kuiita plazma hali ya nne ni kufuata mpangilio wa maisha ya binadamu. Kama ingehesabiwa kwa wingi wake, ingekuwa ya kwanza.

Kisiwa hicho chenyewe kimezungukwa na plazma. Kuanzia urefu wa kilomita 60 hivi juu ya ardhi, miale ya jua huzitenga elektroni na atomi za hewa na kufanya tabaka liitwalo ionosfera. Mwaka 1901 Guglielmo Marconi alitangaza kwamba ishara za redio zimevuka bahari ya Atlantiki, ingawa mawimbi husafiri kwa mstari ulionyoka na dunia imepinda. Mwaka uliofuata Arthur Kennelly na Oliver Heaviside, kila mmoja kwa upande wake, walisema kwamba lazima liko tabaka angani lirudishalo mawimbi chini. Edward Appleton alilithibitisha mwaka 1924, na kwa kazi hiyo akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Jambo hili lina uhusiano wa kweli na historia ya Kiswahili. Mwaka 1957 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza matangazo ya Kiswahili kutoka London, na mashirika ya nchi nyingine yalikuwa na idhaa zao. Matangazo hayo yalisafiri kwa masafa mafupi, na masafa mafupi hufika mbali kwa kurudishwa na ionosfera. Sauti moja ya Kiswahili iliweza kusikiwa Mombasa, Bujumbura na Lubumbashi jioni moja, na hivyo kuwazoesha wasikilizaji wa nchi mbalimbali matamshi na msamiati wa namna moja. Usanifishaji wa Kiswahili huhesabiwa kuwa kazi ya kamati, shule na kamusi. Ni haki kuongeza katika orodha hiyo tabaka la plazma ambalo hakuna aliyeliona.

Uhusiano wa pili ni wa jina. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililojengwa na Waitalia baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo ilipewa jina Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zitokazo angani, na kiongozi wa uchunguzi wake, Riccardo Giacconi, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002. Pamoja na mengine, Uhuru ilionyesha kwamba makundi makubwa ya galaksi hutoa eksirei zilizoenea katika eneo kubwa. Baadaye ilithibitika kwamba eksirei hizo hutoka katika plazma ya makumi ya mamilioni ya digrii ijazayo nafasi baina ya galaksi. Kazi ya setilaiti ilikoma mwaka 1973, lakini orodha yake ya nne, iliyotolewa mwaka 1978, ina vyanzo 339, navyo huandikwa kwa alama 4U. Herufi U ndiyo Uhuru. Hivyo wataalamu wa nyota wa mataifa yote hulitumia neno la Kiswahili, pengine bila kujua, wanapotaja plazma kali za angani.

Plazma mikononi mwa watu

Matumizi ya plazma ni mengi, na baadhi yake ni ya zamani kuliko jina lake. Mwaka 1857 Werner Siemens alitengeneza chombo cha kupitisha umeme katika hewa ili kupata ozoni, na mwaka 1906 mji wa Nice, Ufaransa, ulikuwa ukisafisha maji yake ya kunywa kwa ozoni. Mwaka 1905 Wanorwe walianza kutengeneza mbolea huko Notodden kwa kuipitisha hewa katika cheche kubwa za umeme, njia iliyobuniwa na Kristian Birkeland na Sam Eyde. Njia hiyo ilikula umeme mwingi, ikashindwa na nyingine iliyokuwa rahisi zaidi.

Fundi wa kuchomelea vyuma aliye kando ya barabara hufanya plazma kila siku. Akigusisha fimbo yake na chuma kisha akaiinua kidogo, umeme huruka katika pengo, na hewa iliyomo humo hugeuka plazma ya maelfu ya digrii iwezayo kuyeyusha chuma. Miwani yake ya giza ni kinga ya mwanga wa plazma hiyo. Katika taa ya mrija, umeme hupita katika mvuke wa zebaki. Plazma yake hutoa mwanga usioonekana kwa macho, na unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo huugeuza kuwa mwanga uonekanao. Katika viwanda vya elektroniki plazma hutumiwa kuchonga mifereji myembamba mno katika vipande vya silikoni, ambavyo bila hivyo simu na kompyuta za leo zisingetengenezeka. Televisheni za plazma, zilizotokana na uvumbuzi wa mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Illinois, zilienea sana mwanzoni mwa karne hii. Watengenezaji wakubwa waliziacha mwaka 2014 hivi, lakini kwa miaka hiyo jina la hali ya maada lilikuwa jina la bidhaa ya dukani.

Tumaini kubwa zaidi ni la kupata umeme kwa kuunganisha viini vya atomi kama jua lifanyavyo. Kwa kuwa hakuna sufuria iwezayo kubeba plazma ya digrii milioni 100 na zaidi, wataalamu wa Urusi walibuni katika miaka ya 1950 chombo chenye umbo la pete, ambamo plazma huzuiwa kwa sumaku isiguse ukuta. Kinaitwa tokamaki, jina lililotungwa kwa kuunga vipande vya maneno ya Kirusi, nalo limekopwa na lugha zote bila kutafsiriwa. Katika jaribio la mwaka 2023, tokamaki ya JET huko Culham, Uingereza, ilitoa nishati ya megajuli 69 kwa kutumia miligramu 0.2 tu za fueli. Nishati hiyo ni sawa na uniti 19 za umeme wa nyumbani. Hata hivyo mtambo wenyewe ulikuwa umetumia nyingi zaidi, na mwishoni mwa mwaka huo ukafungwa. Mwaka 2022, katika maabara ya Livermore, Marekani, miale ya leza ya megajuli 2.05 ilizaa megajuli 3.15. Lakini umeme uliohitajiwa kuiwasha leza hiyo ulikuwa karibu mara mia ya nishati iliyopatikana. Jambo limethibitika kuwa lawezekana. Faida yake haijapatikana.

Jina lifaalo katika Kiswahili

Lugha nyingine zimepita njia tatu. Kiarabu, Kifaransa na Kijerumani zimelikopa neno. Kiaislandi kimelitafsiri kwa neno rafgas, yaani gesi ya umeme. Kichina cha Taiwani kimeunda neno lenye maana ya uji wa umeme, linalofanana na jina la majimaji ya damu lakini halichanganyiki nalo. Kijapani kimechukua njia ya hekima: jina la kifizikia limekopwa, na jina la damu limebaki lile lililoundwa kwa viungo vya Kichina. Mjapani asomaye makala ya damu hawezi kudhani kuwa ni ya jua.

Kwa Kiswahili, gesi ya umeme halifai. Gesi kwa msemaji wa leo ni kitu cha mtungi kipikiwacho, na umeme ni kitu kilipiwacho kwa uniti. Wawili hao wakiunganishwa, msikilizaji atafikiri habari za jikoni au za mitambo ya kufulia umeme. Tena plazma si gesi yenye umeme ndani yake, bali ni hali nyingine kabisa. Hali ya nne nalo ni maelezo mazuri lakini si jina, kwa kuwa namba haisemi kitu. Neno utegili limekwisha kutumiwa katika baadhi ya maandishi ya Kiswahili. Lina sura ya Kibantu, na linakaa vizuri katika ngeli ya U. Kasoro yake ni moja tu, lakini ni kubwa: limetumiwa kwa plazma ya nyota na kwa plazma ya damu pia. Hivyo kosa la mwaka 1928 limehamishwa zima zima kutoka lugha moja hadi nyingine, ingawa lugha ipokeayo haikuwa na lazima ya kulirithi.

Njia ya Kijapani yaweza kufuatwa bila kupoteza chochote. Neno plazma litumike kwa fizikia, na utegili libaki kwa damu. Kimatamshi plazma halina ugeni mkubwa: mwanzo wake ni kama wa plastiki, na zm yake imo katika azma. Litakaa katika ngeli ya I-ZI, na kuruhusu kusemwa plazma hii na plazma hizi, maana wataalamu huzungumzia plazma za namna nyingi. Mwanafunzi wa uuguzi na mwanafunzi wa fizikia, ambao mara nyingi hukaa darasa moja, watakuwa na maneno mawili kwa vitu viwili.

Katika kamusi, ingizo laweza kuandikwa hivi: plazma, nomino ya ngeli ya I-ZI, hali ya maada ambamo elektroni za kutosha zimetengana na atomi zake, hata maada nzima ikapitisha umeme na kuitika kwa pamoja nguvu za umeme na sumaku, kama katika jua, umeme wa mvua na taa ya mrija. Linganisha: yabisi, kimiminika, gesi. Tofautisha na: utegili.